Kadi ya uanachama Western Bulldogs msimu wa 2016: kila dola imerudi

Nimekaa wiki mbili nasubiri akili itulie ndo niandike, manake ningeandika ile Jumapili ya baada ya fainali zingekuwa kelele tupu. Haya ni maoni yangu kuhusu kadi ya uanachama ya Western Bulldogs, timu ya mpira wa Australia, ile ya kawaida ya kuingia mechi za nyumbani unakaa popote penye nafasi, niliyonunua mwanzoni mwa mwaka hapa Footscray, magharibi ya jiji la Melbourne. Kadi yenyewe ni plastiki tu, kwa hiyo nachozungumzia hasa ni kile unachokiona ukishaiskani pale getini, yaani msimu mzima, kuanzia mwezi wa tatu mpaka tarehe 1 Oktoba.

Kwa ambaye hajawahi kuuona huu mpira wa Australia. Uwanja umekaa kama yai, watu 18 kila upande, nguzo nne kila mwisho. Ukipiga kwa mguu ukapita katikati ya zile mbili ndefu ni bao, pointi 6, ukipita pembeni yake unapata pointi 1. Mpira nao ni wa yai kama wa raga ila kuurusha kwa mkono ni marufuku, unaulaza kwenye kiganja kimoja unaugonga kwa ngumi ya mkono wa pili. Binti yangu ana miaka 9, hiyo ngumi kajifunzia kwenye korido ya nyumba, na ule mpira wa ngozi nyekundu umeacha madoa ukutani mpaka leo sijayafuta na sitayafuta.

Na hiyo ngumi ndo Bulldogs wenyewe. Timu nyingine zinapenda kupiga mpira mrefu mbele wakagombanie huko, sisi mwaka huu tumecheza pasi za ngumi fupi fupi, mtu anapokea anatoa, anapokea anatoa, wanne watano wamemzunguka adui, hujakaa sawa mtu keshatoka peke yake anakimbia. Ukikaa nyuma ya goli unaiona inavyofunguka. Halafu angalia wanaofanya hivyo: Caleb Daniel ana sentimita 168, msimu wa 2016 mfupi kuliko wote kwenye ligi, anavaa helmeti, na watu wa karibu mita mbili hawamshiki.

Kwa nini niliichukua hii timu. Mimi nimekuja mtaa huu kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, kama wengi tu wa huku, Wavietnamu, Wahabeshi, Wasudani, Wakongo, na kabla yao Wataliano na Wagiriki. Jirani yangu ni mzee wa hapahapa, baba yake alikuwa kibarua wa viwandani, na yeye ndo aliyenifundisha mchezo tukiwa kwenye uzio. Mwaka 1954 alikuwa mtoto timu ilipochukua kombe, na hilo lilikuwa moja tu, la kwanza na la mwisho, tangu klabu iingie ligi kuu 1925. Enzi hizo ikiitwa Footscray. Mwaka 1989 ligi ilitaka kuiunganisha na Fitzroy, klabu nyingine ya Melbourne, yaani kuiua kistaarabu, hela hamna, na watu wa mtaa huu wakagoma. Shabiki mmoja mwanamke, Irene Chatfield, akasimama mahakamani kwa jina lake kuishtaki ligi, wakili Peter Gordon akaongoza mapambano, watu wakapita nyumba kwa nyumba na ndoo wakachanga zaidi ya dola milioni moja kwa wiki chache. Mzee ananiambia alitoa mshahara wake wa wiki. Basi mtu akikusimulia hivyo halafu akakuuliza kama una kadi, utasemaje? Nikanunua.

Sasa msimu. Tumetoka mbali, mwaka 2014 tulimaliza nafasi ya 14, kepteni Ryan Griffen akaomba kuondoka, kocha akaondoka, akaja Luke Beveridge ambaye wengi hawakumtarajia, 2015 tukaingia mtoano tukatolewa na Adelaide mechi ya kwanza tu. Kwa hiyo 2016 matumaini yalikuwepo lakini ubingwa hakuna aliyekuwa anautamka, hata mzee.

Wiki ya tatu tunacheza na Hawthorn, mabingwa wa miaka mitatu mfululizo. Tulikuwa tumekaa nyuma ya goli, mimi na binti, uwanja wa Docklands ule wenye paa linalofungwa, na dakika za mwishoni kabisa kepteni wetu Bob Murphy akaenda juu kugombea mpira akatua vibaya. Goti. Uwanja ulinyamaza kabla hata hajalala vizuri chini. Tulifungwa kwa pointi 3 na nakuhakikishia kwenye treni ya kurudi Footscray hakuna aliyekuwa anazungumzia hizo pointi 3. Huyu jamaa kacheza karibu mechi 300 kwa timu hii hii moja, hajawahi kucheza fainali, na goti likawa limekatika, msimu kwisha.

Hapo ndo kadi ilianza kunilipa kwa namna ambayo sikuitegemea. Kila wiki mtu anaumia, anaingia kijana ambaye jina lake ilibidi niulize. Mechi moja na St Kilda tukapoteza wawili kwa mpigo, Mitch Wallis mguu ukavunjika na Jack Redpath goti, na mechi yenyewe tukafungwa. Lakini wiki inayofuata wanaingia wengine wanacheza vilevile, pasi zilezile za ngumi, kama vile wote wamekulia nyumba moja. Hiyo ni kazi ya kocha na mimi naiweka juu kuliko kitu kingine chochote cha msimu huu. Easton Wood akabeba ukepteni, Marcus Bontempelli alikuwa na miaka 20 tu na akacheza kama baba wa familia. Kule Sydney kwenye uwanja wao tuko nyuma, zimebaki sekunde, Jason Johannisen anatoka mbio anafunga, tunashinda kwa pointi 4. Johannisen kazaliwa Afrika Kusini, akaja huku mdogo, na wakati anasajiliwa hata orodha kuu hakuwekwa.

Lawama yangu kwa timu ni moja, ya umaliziaji. Tunaunda nafasi kumi tunapiga nje sita, mtu yuko mita 30 mbele ya goli peke yake anapata pointi 1, na mara kadhaa niliona mechi rahisi inakuwa ngumu kwa sababu hiyo tu. Tulimaliza na ushindi 15, vipigo 7, nafasi ya 7. Tangu ligi iweke mtoano wa timu nane hakuna aliyekuwa amewahi kuchukua kombe akitokea nafasi ya saba.

Kilichotusaidia ni kwamba mwaka huu ligi ilipumzisha timu zote wiki moja kabla ya mtoano, mara ya kwanza kufanya hivyo, na kwetu sisi tuliokuwa na hospitali nzima ilikuwa dawa. Wakarudi wanne kwa pamoja, Wood, Macrae, Liberatore na Roughead. Tukaenda Perth, safari ya ndege ya masaa manne, kila mtu anasema tunaenda kuaga, tukampiga West Coast kwa pointi 47. Wiki inayofuata Hawthorn tena, hao hao mabingwa, tukawatoa kwa 23.

Halafu nusu fainali na GWS, yaani Greater Western Sydney, kwao, magharibi ya Sydney. Hapa lazima uelewe, tangu 1961 timu hii ilikuwa haijacheza fainali, na hiyo mechi ya kabla ya fainali ilikuwa imeipoteza mara saba, 1997 kwa pointi 2 tu. Mzee alikataa kuangalia na watu, akabaki kwake taa zimezimwa. Sisi tulikuwa mgahawa wa Wahabeshi pale Nicholson Street, sinia la injera katikati ya meza, watu wa lugha tano. Clay Smith, kijana aliyefanyiwa opresheni ya goti mara tatu, anafunga mabao manne. GWS wanarudi, wanaongoza, Bontempelli anafunga, halafu mpira unamfikia Jack Macrae ambaye msimu mzima hajafunga hata bao moja, anapiga, unapita katikati. 89 kwa 83. Injera ilikuwa imekauka kwenye sinia hakuna aliyeigusa, mwenye mgahawa analia, mimi nalia, nikakimbia mpaka kwa mzee nikamkuta kasimama mlangoni na redio mkononi, hakusema neno, alinishika bega tu muda mrefu.

Fainali sikuingia uwanjani, niseme ukweli ili anayetaka kununua ajue: kadi ya daraja hili haikupi uhakika wa tiketi ya fainali, MCG, ule uwanja mkubwa wa Melbourne, iliingia watu 99,981 na bado wengi walibaki nje. Mtandao niliojaribu kununulia ulinikalisha foleni masaa matatu halafu ukanitoa nikaanza upya, hilo liliniuma sana na bado linaniuma. Kwa hiyo tukaangalia sebuleni kwa mzee, Jumamosi saa 8 na nusu mchana, safari hii alikubali.

Wapinzani Sydney. Na hapa nieleze kitu ambacho kwa mtaa wetu kilikuwa kizito: Sydney walikuwa na beki anaitwa Aliir Aliir, kazaliwa Kakuma, Kenya, kambini, wazazi wake wa Sudan Kusini. Wapo watu hapa Footscray wametoka kambi hiyo hiyo, wanaongea Kiswahili cha Kakuma, wana skafu ya Bulldogs shingoni na picha ya Aliir kwenye simu. Aliumia goti mechi ya nusu fainali akaikosa fainali. Tulitaka kombe lakini siyo yeye akae jukwaani. Nilisikia mama mmoja dukani anasema bora angecheza hata angetufunga.

Mechi ilikuwa ngumu, mapumziko tuko nyuma kwa pointi 2, robo ya tatu inaisha tunaongoza kwa 8. Robo ya mwisho Johannisen anafunga, tunarukaruka, video inasema mpira umeguswa, bao limekataliwa. Mzee kakaa kimya kabisa. Halafu Dale Morris anamdaka Lance Franklin, yule mshambuliaji mkubwa kuliko wote, anamwangusha, mpira unadondoka unamkuta Tom Boyd mbali, mbali sana, na Boyd hakutafuta mtu wa kumpa, akaupiga. Mpira wa yai ukidunda hujui unaenda wapi, unaweza ukageuka ukarudi, huu ulidunda mbele ya goli ukaendelea kunyooka mpaka ndani. Huyu Boyd alipokuja kuchukua nafasi ya Griffen na mkataba mkubwa watu walimsema miaka miwili, kila mechi anahesabiwa hela zake. Siku hiyo alifunga matatu. Liam Picken akamalizia, 89 kwa 67, medali ya mchezaji bora wa fainali kwa Johannisen.

Lakini ukiniuliza nini nilinunua mwaka huu, nakwambia ni kile kilichotokea kwenye jukwaa. Kocha Beveridge kavishwa medali yake, ile inayotolewa kwa kocha bingwa, akamwita Bob Murphy apande, Murphy amekaa miezi sita anaangalia kwa pembeni na goti lake, kocha akaivua medali shingoni mwake akamvisha. Murphy alikataa kwa kichwa, kocha akang'ang'ania. Binti akaniuliza baba kwa nini anampa wakati hajacheza. Nilishindwa kumjibu, mzee ndo akamjibu, akamwambia amecheza.

Jumapili tukaenda Whitten Oval, uwanja wa zamani hapa hapa mtaani ambako mechi za ligi kuu zilikoma 1997, baada ya hapo ukawa wa mazoezi. Barkly Street yote nyekundu, nyeupe na bluu. Kuna wazee wamekuja na skafu za sufu zilizofumwa kwa mkono enzi za mama zao, rangi imefifia, na watu wamebeba picha za waliofariki bila kuliona kombe la pili, wanaziinua juu zilione. Mzee wangu alibeba ya kaka yake.

Mambo madogo kwa anayefikiria kununua. Treni kutoka Footscray mpaka Southern Cross ni dakika kama kumi, unashuka unatembea kwa daraja mpaka getini, usiende na gari. Fika nusu saa kabla, nyuma ya goli panajaa haraka. Pai ya nyama niliyouziwa kwenye kibanda kimoja ilikuwa baridi katikati mara mbili, bebeni chakula chenu, chapati na maharage ya nazi kwenye hotipoti, mimi nilipita nayo msimu mzima wa 2016. Watu wanaokaa hapo nyuma ya goli ni wema, hawajawahi kumtukana mtoto wangu wala kututazama vibaya, na wiki ya pili tu walishajua jina lake.

Pointi 9 kati ya 10, ile moja ni ya umaliziaji na naidai 2017. Nishalipia tayari, safari hii kadi mbili, ya binti ina jina lake mwenyewe, na ameshaniambia tunakaa palepale, ila yeye akae karibu na mzee.