Kitabu cha mtumba cha makanisa ya Uingereza: maoni ya fundi wa mapaa

Mwezi uliopita nilienda Mbeya kufuata misumari na kofia za bati, nikapita Mwanjelwa kwa wanaotandika vitabu vya mtumba kwenye turubai. Kikanivuta kimoja kikubwa cha picha, jalada limeng'oka, ukurasa wa jina haupo. Kinahusu makanisa ya zamani ya vijijini Uingereza. Kijana alianza na 15,000, tukamalizana kwa 8,000. Akaapa kimekamilika. Kufika Tukuyu nakuta sura ya mawe na chokaa yote imechanwa. Nyota moja imeondoka hapo.

Binti yangu wa kidato cha tano ndiye aliyenisomea Kiingereza chake jioni, mimi macho kwenye picha. Mambo ya madirisha tuliyapita mbio: matao ya mviringo ni ya Wanormani walioingia Uingereza kutoka Ufaransa 1066, yenye ncha juu yakafuata. Basi. Mimi nilitaka paa.

Na paa lipo. Kanisa la mji wa March, Cambridgeshire, niliitazama picha yake mpaka chai ikapoa. Sisi tukiezeka kanisa pana tunalaza boriti kutoka ukuta huu hadi ule, juu yake kenchi. Wale hawakuvusha boriti. Kila ukuta umetoa boriti fupi kuingia ndani, chini imebebwa na mti uliopinda, juu yake umesimama mti mwingine unaopokea paa. Halafu wakarudia hivyo hivyo ngazi ya pili. Katikati peupe. Viungo vyao ni ulimi wa mti kuingia kwenye tundu la mwenzake, kisha kigingi cha mwaloni. Nchani wamechonga malaika waliokunjua mabawa, zaidi ya 100.

"Baba, hao malaika wanabeba paa?"

Hawabebi kitu, mwanangu. Mzigo unashuka kwenye ile miti iliyopinda, nayo inausukuma ukuta nje. Ukileta mtindo huo kwenye ukuta wa tofali moja, utazikwa na kwaya yako.

Lingine ni kanisa la mji wa Chesterfield. Mnara wake mrefu wa mbao ulioezekwa kwa mabamba ya madini ya risasi, wa karne ya 14, umejisokota kama shuka inayokamuliwa, kilele kimeenda pembeni karibu mita 3. Sababu zinazotajwa: mbao mbichi, miti ya mshalazari haikutosha, uzito wa risasi, na mafundi wazoefu kupungua baada ya tauni ya 1348 na 1349. Nimekunja kona ya ukurasa huo. Mteja anayeniletea paini ya Mufindi iliyopasuliwa juzi, bado inatoa maji ukipiga msumari, ndio namfungulia kabla hatujasema bei.

Kuna na jambo la pesa ambalo makandarasi watalipenda. Zamani hizo waumini walitunza sehemu wanayokaa wao, na upande wa altare ulikuwa juu ya padri. Ndiyo maana kanisa moja unaweza kulikuta na mapaa mawili yasiyofanana. Mimi nimewahi kudaiwa na kamati moja ya ujenzi nusu ya kazi irudiwe bure. Je, zingekuwa mbili?

Ila wapiga picha wamependa mno nje: makaburi, nyasi, mnara, tena makaburi. Michoro ya viungo ni miwili tu, midogo. Afadhali kuna picha nzuri za mifereji ya mawe iliyochongwa kama mazimwi, inatema maji mbali na ukuta. Kwa mvua yetu ya Tukuyu, hata bila sura ya zimwi, mfereji uliochomoza hivyo ungeokoa plasta nyingi.

Nyota 4 kati ya 5 kwa seremala. Kwa mwashi 2, kwa sababu ya sura ile iliyochanwa. Kijana alisema ana vingine vya aina hiyo nyumbani. Jumamosi narudi kuchukua bati, nitavipekua ukurasa kwa ukurasa pale pale kwenye turubai.