Uzoefu wangu na seti ya kufuma vishikio vya funguo vya wanyama

Seti hii niliinunua Machi, Kariakoo, kwenye duka la nyuzi na vifungo, kwa shilingi 38,000. Ni mfuko wa plastiki wenye zipu, na mbele una picha ya wanyama watano wananing'inia kwenye pete za funguo: pweza, kasa, tembo, kifaranga na twiga. Muuzaji alinihakikishia kwamba hata mtoto wa darasa la tano anaiweza. Nilikuwa sijawahi kushika sindano ya kroshia, ingawa nimekulia kwenye nyumba ambayo kila kochi lilikuwa na kitambaa chake cha kufumwa, redio ilikuwa na chake, na hata jagi la maji lilikuwa na kifuniko chenye shanga pembeni. Vyote hivyo ni kazi ya shangazi yangu wa Tanga. Kazini watu watatu wameniuliza kama seti inafaa kununuliwa, kwa hiyo nimeona niandike yote kwa pamoja.

Ndani mlikuwa na madonge sita madogo ya uzi wa pamba iliyochanganywa na akriliki, sindano ya kroshia ya alumini ya milimita 2.5, sindano butu ya kushonea viungo, jozi kumi za macho ya plastiki, pamba ya kujazia, pete tano za chuma zenye vijinyororo, na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza. Vifaa ni vizuri kwa bei ile. Karatasi ndiyo iliyonitesa.

Imeandikwa kwa vifupisho, na kifupisho kilichojaa humo ni dc, yaani double crochet, jina la mshono. Nikafungua video YouTube nijifunze hiyo dc. Aliyefundisha alikuwa Mmarekani, anafuma vizuri, taratibu, na mimi nikamfuata kitanzi kwa kitanzi. Baada ya siku mbili nikawa na kichwa cha pweza kirefu kama soksi, kimelegea, kina matundu ya kupitisha kidole. Nikafumua. Nikafuma tena. Kikatoka vilevile. Nikaamini mkono wangu ni mbovu, na nilikuwa karibu kumpa mtoto wa jirani mfuko mzima.

Shangazi alikuja Dar wiki ya Pasaka. Baada ya shikamoo na habari za safari nikamwonyesha. Hakuiangalia karatasi, maana Kiingereza hasomi. Alikichukua kile kichwa akakivuta huku na huku, akasema, "Mwanangu, huu ni mshono wa kitambaa. Mdoli anataka mshono mfupi, tena uubane." Akafuma mizunguko miwili mbele yangu, na palepale nikaona nilipopotea. Kumbe Waingereza na Wamarekani hawaiti mishono kwa majina yaleyale. Dc ya Mwingereza ndiyo huo mshono mfupi, ambao Mmarekani anauita sc, yaani single crochet. Dc ya Mmarekani ni mshono mrefu, unaoacha nafasi. Karatasi yangu ilikuwa ya Kiingereza cha Uingereza na mwalimu wangu alikuwa wa upande wa pili. Ukinunua seti ya aina hii, pitia karatasi nzima kabla ya kuanza: ukiona sc popote, maelekezo ni ya Kimarekani. Ukiona dc tupu kuanzia mwanzo wa mwili wa mnyama, basi ni ya Kiingereza cha Uingereza. Mtengenezaji angeweza kuandika sentensi moja tu ya kueleza hilo na kuniokolea wiki mbili.

Wajapani, ambao sanaa hii ya vidoli vya kufumwa imeenea kwa jina lao, wanaiita amigurumi, neno lililotokana na ami, yaani kufuma, na nuigurumi, yaani mdoli wa kujazwa. Hesabu yake ikishakuingia kichwani haitoki. Unaanza na mishono sita kwenye duara. Mzunguko wa pili unaweka miwili katika kila mshono, inakuwa 12. Wa tatu unaongeza mmoja kila baada ya mmoja, inakuwa 18. Wa nne kila baada ya miwili, 24. Hapo umepata bakuli. Unafuma mizunguko kadhaa bila kuongeza kitu, halafu unapunguza kwa mpangilio uleule ukirudi nyuma mpaka mdomo ufunge. Kichwa cha pweza, cha kifaranga na cha tembo vyote ni hesabu hiyo hiyo. Kwa kuwa unazunguka bila kufunga mzunguko, lazima utie alama kwenye mshono wa kwanza. Vialamisho vya plastiki havikuwemo kwenye mfuko wangu, nikatumia pini ya kawaida.

Kuna kitu kimoja ambacho mimi ndiye niliyemfundisha shangazi. Yeye huanza kwa mnyororo wa vitanzi vinne anavyoviunganisha kuwa pete, kama alivyoanza vitambaa vyake vyote. Pete hiyo huacha tundu katikati. Kwenye kitambaa cha kochi tundu hilo ni pambo, lakini kwenye utosi wa pweza pamba inachungulia. Njia ya kidoli ni kuzungusha uzi kidoleni, kufuma mishono sita juu ya huo mzunguko, kisha kuvuta ncha ya uzi mpaka duara lifunge kabisa. Alinitazama nikivuta, akaniomba nirudie, kisha akajaribu mwenyewe mara tatu na ya tatu ikafunga. Alifurahi sana, na mimi nilifurahi zaidi yake.

Pweza ndiye wa kuanza naye, hata kama kwenye karatasi amewekwa wa tatu. Mikono yake haihitaji kushonwa: unafuma mnyororo wa vitanzi 15 kutoka ukingoni, kisha unarudi ukiweka mishono miwili katika kila kitanzi. Mishono ikizidi nafasi, mnyororo unajiviringa wenyewe. Wa kwanza alinichukua karibu saa tano, sasa namaliza kwa saa moja na nusu. Anza na rangi nyepesi. Mimi nilimwanza tembo wa kijivu cha mkaa usiku umeme umekatika, kwa tochi ya simu, na sikuona mshono hata mmoja. Rangi ya krimu au njano unaiona hata jioni.

Sindano ya seti nimeibadilisha. Ni nyembamba, haina mpini, na baada ya nusu saa kidole cha shahada kinauma. Zaidi ya hapo, kwa anayeanza, ambaye mkono wake bado umelegea, milimita 2.5 kwa uzi ule inaacha nafasi na pamba nyeupe inaonekana kwenye mwili wa tembo. Nilinunua ya milimita 2 yenye mpini wa mpira kwa shilingi 4,000 na tofauti niliiona siku hiyohiyo. Uzi wenyewe ni laini lakini haukusokotwa sana, na ncha ya sindano hupenda kuupasua katikati. Ukipasuka, rudi nyuma mshono mmoja. Nilipouacha hivyohivyo, ulitoa kinyweleo kinachozidi kila siku.

Macho yana kishina nyuma na kizibo cha kubana kwa ndani. Kizibo kikishabana hakitoki, kwa hiyo weka macho kwanza bila kizibo, mtazame mnyama kwa mbali, sogeza, ndipo ubane, na yote hayo kabla ya kujaza pamba na kufunga mwili. Karatasi inasema mzunguko wa tano, mishono minne kati ya jicho na jicho. Mimi nayashusha mzunguko mmoja chini na kuyatenganisha kidogo zaidi, na sura inakuwa ya kitoto. Ila kishikio chenye macho haya asipewe mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni. Wa mwanangu niliyadarizi macho kwa uzi mweusi.

Pamba ya seti iliisha kwa mnyama wa nne. Shangazi alishauri sufi, ile ya mito, nikajaribu kwenye kifaranga. Nyuzi zake ni fupi mno, zikapenya kwenye mishono, kifaranga akawa na vumbi jeupe kila ukimgusa. Nikafungua mto wa zamani wa kochi wenye pamba ya polista, ukanitosha mpaka leo.

Kasa ndiye ninayempenda kuliko wote. Shangazi alipoona gamba la kahawia lenye mabaka kwenye picha alisema huyo si kasa, ni ng'amba, na ni kweli, kwa hiyo nilimfuma upya kwa kijani ili astahili jina lake. Ana vipande saba vya kushona: gamba, tumbo, kichwa na miguu, na hapo ndipo kazi ya anayeanza huharibika. Ukifuma kwa mzunguko usiofungwa, mshono wa kwanza unahama kidogo kidogo kila mzunguko. Nilipohesabu nafasi ya miguu kutoka kwenye pini, miguu ya mbele ikakaa upande. Sasa nabandika vipande vyote kwa pini kwanza, naviangalia kwa macho, ndipo nashona.

Miezi minne sasa vinatumika kweli, mmoja kwenye funguo zangu, mmoja kwenye ufunguo wa bajaji ya kaka yangu, mmoja kwenye funguo za duka la mama. Pete za seti ni mbaya. Hapa kwetu, kwa joto na chumvi ya bahari, mbili zimeshika kutu na moja imetia doa la kahawia kwenye tumbo la kifaranga. Nimenunua za chuma kisichoshika kutu, za milimita 25. Kosa lingine ni langu: pete ya tembo niliipitisha kwenye mshono mmoja tu wa utosi, na bajaji na mitikisiko yake ikauvuta mpaka ukawa tundu. Siku hizi nafuma kitanzi kigumu, nakipitisha ndani ya mwili kabla ya kujaza pamba, nafunga fundo kubwa kwa ndani, na kwa nje nashona kwa kukamata mishono mitatu au minne. Kasa aliyefungwa hivyo ameanguka barabarani mara mbili akiwa na funguo saba na bado mzima.

Wapo waliotaka kununua kwa shilingi 2,000, kama vile vya plastiki vya barabarani. Sweta hufumwa na mashine, lakini mdoli wa kroshia kama huu unatoka mkononi, mshono kwa mshono. Kasa ni jioni mbili zangu. Nilisema 8,000, na mmoja alilipa.

Je, ununue? Kwa shilingi 38,000, mimi ningenunua tena, kwa sababu kuhangaika kutafuta macho, vijinyororo na rangi sita za uzi kimoja kimoja kungenikatisha tamaa kabla sijaanza. Ila tenga kama 10,000 nyingine kwa sindano bora na pete bora. Na kama nyumbani kwenu yupo mama au bibi aliyewahi kufuma vitambaa, kaa naye siku ya kwanza, hata kama hajawahi kuona mdoli wa namna hii.

Twiga bado. Uzi wa njano uliisha shingoni, umebaki mzunguko wa 14 kati ya 20. Nimerudi Kariakoo mara mbili na njano ile haipo, kwa hiyo nimechukua iliyoiva zaidi kama embe. Shingo itakuwa na rangi mbili, na mwanangu ameshasema huyo ni wake.