Misimu miwili na kikundi cha wapenda uyoga Iringa: uzoefu wangu

Nilijiunga kwa tamaa ya kikapu. Kila msimu wa mvua nilikuwa nanunua uyoga kwa akina mama wanaopanga mafungu kando ya barabara, nikajiuliza kwa nini nisichume mwenyewe. Kiingilio ni shilingi 10,000, na kila safari ya porini mnachangia nauli.

Safari huanza mvua zikishakolea, kuanzia Desemba. Tunaingia kwenye miombo alfajiri, kabla jua halijakausha kofia na kabla funza hawajawahi. Anayetangulia ni bibi mmoja wa Kihehe. Ukishamwambia "kamwene" akaitikia, anaanza kutembea, na macho yake yako juu kwenye miti. Akiona mtundu au myombo anapunguza mwendo, maana ule uyoga wa njano wenye harufu ya matunda unaishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti hiyo: uyoga unauletea mti maji na madini, mti nao unaupa sukari. Mti ukikatwa kwa ajili ya mkaa, uyoga wake nao umekwenda. Nimekulia mkoa huu na sikuwa nalijua hilo.

Kwenye kichuguu alinichimbisha taratibu kwa kijiti. Mguu wa uyoga ukawa unashuka tu, mwembamba kama mzizi, hadi kwenye bustani ya mchwa chini kabisa. Mchwa ndio wanaoulima, wanakula wao kwanza, sisi tunapata kinachochomoza juu. Ndiyo maana uyoga huo huwezi kuupanda bandani kwako.

Ila kilichonifanya nilipie msimu wa pili si kikapu. Siku moja nilichuma uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia, umeota kwenye majani karibu na nyumbani. Ulikuwa mzuri, mnene, na wadudu walishautafuna pembeni, nikajua basi ni salama. Nikampelekea bibi. Akaugeuza, akaunusa, akanirudishia: "Mjukuu wangu, huu siujui. Usioujua hauliwi." Katibu akakata kofia, akailaza juu ya karatasi nyeupe, akafunika na bakuli. Asubuhi karatasi ilikuwa na vumbi la kijani, yaani mbegu za uyoga wenyewe, na rangi yake ndiyo iliyoutambulisha. Ndipo nikaelezwa: huo kitaalamu ni Chlorophyllum molybdites, unatapisha na kuharisha vibaya ndani ya saa chache. Jioni ile nilikuwa nimepanga kuwapikia wanangu.

Tangu hapo nawaambia watu wote: wadudu kuula si kipimo, wala kuuchemsha na kitunguu. Kuna uyoga ambao sumu yake haitoki hata ukiupika kutwa nzima, na dalili zinaweza kukawia saa 6 au zaidi, mtu akadhani amepona huku ini linaharibika. Kikundi hiki kinafundisha kusema "siujui" bila aibu mbele za watu, na kwangu hiyo peke yake inatosha kuwa thamani ya kiingilio.

Sasa kasoro. Safari ya kwanza tulikuwa zaidi ya 30. Tulichelewa kuondoka, na sisi wa nyuma tulikuta ardhi imeshakanyagwa, hatukuona wala kusikia maelezo. Tulilalamika, na sasa idadi haizidi 12. Mafunzo ya kupanda mamama (uyoga wa kufugwa, kwa Kiingereza oyster) nayo yalikuwa ya haraka mno. Tulionyeshwa kuchemsha mabua, kupanga mbegu kwenye mifuko, kuweka chumba cha giza, basi. Hakuna aliyesisitiza mabua yapoe na yachujwe maji vizuri kwanza. Katika mifuko yangu 10, minne iliota ukungu wa kijani nikaitupa. Sita ilinipa mboga ya kutosha, lakini hasara ile ingeepukika kwa saa moja zaidi ya somo.

Kama unataka uyoga wa kuuza, hapa utapoteza Jumamosi zako. Kuna siku tumerudi na kiasi cha sahani moja tu. Kama unataka kuujua, nenda na kikapu cha ukili au cha mianzi (mfuko wa plastiki unauozesha njiani), kisu kidogo, na karatasi nyeupe. Na utembee karibu na bibi, kwa sababu huwa anaongea kwa sauti ya chini. Mimi ya Desemba nimeshalipa.