Sato na kuku: yai hurutubishwa wapi?
Sato jike hutaga kwenye kishimo alichochimba dume chini ya maji, na dume humwaga mbegu juu ya mayai papo hapo. Huo ni urutubishaji wa nje. Pasipo maji mbegu haziogelei. Kisha jike huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, ulezi unaonistaajabisha kila nikiufikiria.

Kwa kuku yote hufanyika ndani, kabla ute na ganda havijaongezwa. Mtetea huhifadhi mbegu mwilini, kwa hiyo hata jogoo akiuzwa leo, mayai ya wiki nzima ijayo bado yanaweza kutoa vifaranga. Kwa nchi kavu, naona njia hii ni bora: mbegu hazikauki, na jogoo mmoja hutosha mitetea 10.