Nilivyoifungua iMac ya 2017: kinachoongezeka, kisichoongezeka, na gundi inayokuzuia

Kompyuta za kipande kimoja, zile ambazo kioo na mashine vimekaa pamoja, husifiwa kwa urembo na kulaumiwa kwamba ukishanunua ndiyo basi, huongezi kitu. Kwa iMac, kompyuta ya Apple ya aina hiyo, ya inchi 21.5 yenye kioo cha 4K, toleo la 2017, lawama hiyo ni nusu kweli. Ndani yake mna vitu vingi vinavyobadilika, kazi ni kuvifikia.

Yangu niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, kwa kazi zangu za usanifu: mabango, kadi za harusi, lebo za bidhaa. Ina prosesa ya Intel Core i5-7400, kadi ya picha Radeon Pro 555, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 8 na hadi diski (hard disk, ya kuhifadhia) ya TB 1 inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Kioo chake cha pikseli 4096 kwa 2304 sijakiona mpinzani kwa bei ya mtumba. Ila hiyo hadi diski! Unaiwasha asubuhi, unaenda kununua chapati, unarudi unakuta bado inajivuta. Prosesa yenyewe haikuwa na neno. Ilikuwa inasubiri diski, na RAM ikijaa mfumo unakimbilia hukohuko kwenye diski kuweka vya ziada, basi inakuwa pole juu ya pole.

Dada yake wa inchi 27 wa mwaka huohuo amepewa kimlango mgongoni. Unachomoa waya wa umeme, unabonyeza kitufe kidogo kilicho juu ya tundu la waya, kimlango kinafunguka na nafasi nne za RAM hizo hapo. Hii ya inchi 21.5 haina kimlango. Mgongo wote ni alumini tupu. Unaingilia kwenye kioo, nacho kimegandishwa kwa utepe wa gundi. iMac za 2009 hadi 2011 kioo cha mbele kilishikwa na sumaku, unakivuta kwa vikombe vya kunyonya kinatoka. Gundi ilikuja na zile nyembamba za mwisho wa 2012, na mimi hadi leo sioni mtu anayekaa mbele ya kompyuta anafaidika nini na wembamba wa pindo.

Gundi hukatwa kwa kigurudumu cha plastiki kama kile cha kukatia piza, kinauzwa pamoja na utepe mpya. Unakipitisha kwenye mwanya kati ya kioo na bodi, unaanzia upande wa chini kushoto, unapanda, unavuka juu, unashuka kulia. Upande wa chini hukati. Pale juu katikati unapita kwa adabu kwa sababu kamera ipo hapo. Gundi ikiachia inatoa mlio wa kuchanika taratibu, na moyo unaenda nao. Baadaye nilipitisha kadi za plastiki kwenye pembe za juu, mdogo wangu akashika kioo kikiwa kimeinama kidogo tu. Usikivute chote kwa pamoja: nyuma yake kuna nyaya mbili fupi, wa umeme na wa picha. Wa picha una kikufuli chembamba cha chuma ambacho unakiinua kwanza ndipo unauchomoa sawasawa. Ukiuvuta kwa pembe umeua soketi, na kioo kipya bei yake inakaribia ya kompyuta yenyewe.

Jambo moja la usalama. Pawasaplai humo ndani iko wazi, haina boksi kama za kompyuta za mezani, na kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Iache ikae, bonyeza kitufe cha kuwasha mara kadhaa ikiwa haina umeme, kisha usiguse upande wenye kapasita.

Hadi diski ni kazi rahisi, ipo mbele, ni ya inchi 2.5 kama ya laptop. Niliweka SSD, yaani diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, ya TB 1, ya SATA, njia ileile ya hadi diski. RAM ndiyo inakutoa jasho, kwa sababu imekaa upande wa nyuma wa mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Ili uifikie unatoa diski, spika, feni, pawasaplai, vichwa vidogo vya nyaya za antena, ndipo mazabodi inatoka. Bisibisi ni za Torx, zenye ncha ya nyota, T8 na T10 zaidi. Skrubu hazilingani urefu, kwa hiyo nilizipanga kwenye karatasi niliyochora umbo la kila kipande. Nafasi za RAM ni mbili, aina ni DDR4 ya laptop ya 2400 MHz. Niliweka mbili za GB 16, jumla 32, na hapo ndipo mwisho wake.

Prosesa nayo ipo kwenye soketi, haikuchomelewa, na i7-7700 inaingia. Nimeiacha. Nyumba ni nyembamba, feni ni moja, na kazi zangu hazikuwa zikikwama kwenye prosesa. Kadi ya picha imechomelewa, isahau. Na ile nafasi ya SSD ya PCIe, njia yenye kasi kuliko SATA, kwenye hii yangu iliyotoka kiwandani na hadi diski peke yake, hakuna soketi, ni alama za kuchomelea tu. Kwa hiyo unabaki na kasi ya SATA, ambayo kwa kazi za picha inatosha.

Kabla ya kubandika gundi mpya, unganisha nyaya mbili za kioo, kishikize kwa utepe wa karatasi, washa. Ukiona RAM yote na diski yote, ndipo ubandike.

Sasa inawaka mara moja, na Photoshop na Illustrator zinakaa wazi pamoja bila kugombana. Je, ningemshauri kila mtu afungue? Kama shida yako ni diski tu, hapana. Nunua SSD ya nje, ichomeke kwenye mojawapo ya matundu mawili ya Thunderbolt 3, weka mfumo humo, iambie kompyuta iwakie humo. Toleo hili halina ile chipu ya usalama ya T2 inayoweka masharti ya kuwakia nje. Kioo kinabaki na gundi yake ya kiwandani. Kufungua kuna maana pale unapotaka RAM, na ukishafungua maliza yote, pesti ya kupitisha joto la prosesa na vumbi la feni pamoja.

Ujue pia kwamba kwa njia rasmi mashine hii inaishia kwenye mfumo wa macOS Ventura, na kioo chake kizuri hakiwezi kutumika kama monita ya kompyuta nyingine kwa waya. Za inchi 24 zenye chipu ya M1, za kuanzia 2021, RAM ipo ndani ya chipu yenyewe na hifadhi imechomelewa, kwa hiyo hizo chagua ukubwa siku ya kununua. Ukikutana na ya inchi 27 ya 2017 kwa bei inayokaribiana na hii, chukua hiyo, hata kama ina RAM ya GB 8 tu, maana utaiongeza kupitia kile kimlango.