Mbwa wa kulinda shamba Mtwara na Lindi: nawapanga kuanzia Ridgeback hadi Pointer

Msimu wa korosho ukikaribia, simu yangu haitulii. Swali ni lile lile: ninunue mbwa gani wa shamba? Wengine wameshaona picha, wameshamchagua, wanatafuta tu mtu wa kuwaitikia. Mimi naishi Mtwara Mjini na shamba langu liko upande wa Nanyamba, kwa hiyo nawapanga mbwa kwa jinsi wanavyolimudu joto la huku lenye unyevu, kupe, ndorobo (mbung'o), na majirani ambao wengi ni Waislamu na hawataki mate ya mbwa yaguse kanzu zao. Sura naiweka mwisho.

Tuelewane kwanza. Nikisema mbwa wa kuwinda, nazungumzia asili yake. Kuwinda mnyama pori bila kibali ni kosa nchini kwetu, hata kama ni nguruwe aliyemaliza mihogo yako. Kazi ya mbwa shambani ni kubweka na kufukuza.

Wa kwanza: Rhodesian Ridgeback

Huyu ni wa ukanda wetu, si mgeni wa barafu. Damu yake inatokana na mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, waliochanganywa na mbwa walioletwa na walowezi, na sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Kazi yake ya zamani ilikuwa kumzingira simba na kumbabaisha mpaka mwenye bunduki afike. Hakuwa wa kupigana naye, kwa hiyo anayemnunua akitegemea mbwa wa vita amekosea mlango. Dume husimama sentimita 63 hadi 69 begani na kufika kilo 36 hivi, jike kama 32. Manyoya ni mafupi, joto analiweza.

Tabia yake ndiyo inayowashinda watu. Ni mkimya. Mgeni akiingia, anasimama anamtazama tu, na hiyo peke yake inatosha kumrudisha mtu getini. Ana kichwa kigumu na moyo mwepesi kwa pamoja: ukimpiga leo, kesho unamwita anakuangalia kama hakujui. Mfundishe kwa kipande cha dagaa na uvumilivu, akiwa bado mdogo. Tena ni mwizi wa jikoni. Wangu aliwahi kushusha samaki mzima, changu, kutoka juu ya meza, akaiacha sahani haina hata ufa. Ukimfunga mnyororo mchana kutwa, unajitengenezea matatizo. Anataka kukimbia alfajiri na jioni, jua likiwa halina makali.

Sasa kununua. Mwaka juzi nilikwenda Shangani, hapa hapa Mtwara, kumwangalia mtoto wa miezi miwili.

“Bosi, hii damu safi, angalia mgongo,” kijana akaniambia.

Mstari unaomtambulisha Ridgeback ulikuwepo kweli: manyoya yamelala kinyume katikati ya mgongo, na miviringo miwili karibu na mabega. Nikamlaza mapajani, nikaishika ngozi kwa vidole viwili nikawa naivuta juu polepole, kuanzia kisogoni kuelekea mkiani. Palipo karibu na shingo ngozi ikagoma kuachana na nyama. Chini yake nikahisi kitu kama uzi wa mshipi.

Nikamrudisha. Hiyo ni kasoro ya kuzaliwa inayowasumbua sana mbwa hawa: kijitundu chembamba kinachotoka kwenye ngozi na kuzama kuelekea uti wa mgongo. Huwezi kukiona mpaka kianze kutunga usaha, na tiba yake ni kisu cha daktari. Nilipomuuliza kijana mama wa mtoto yuko wapi, akasema kafungiwa nyumba nyingine. Usipomwona mama, usitoe hela.

Wapo wanaozaliwa bila mstari ingawa wazazi wote wawili ni safi. Kwa shamba ni wale wale, na hapo unaweza kubana bei.

Wa pili: mbwa wetu wa kienyeji

Mnamwita koko, halafu ndiye anayelinda nusu ya mikorosho ya Tandahimba. Ndorobo na kupe anawavumilia kuliko wageni, chakula hachagui, na akili yake ni ya haraka. Mbovu si mbwa, ni malezi: mabaki ya ugali, minyoo, hana hata kadi moja ya chanjo. Tafuta jike unayemjua kwa kazi, umwambie mwenyewe akuwekee mtoto. Kama mfuko ni mdogo au huna muda, mruke Ridgeback uje moja kwa moja hapa.

Wa tatu: Labrador

Kwa nyumba yenye watoto pale Mikindani, sawa. Kwa shamba, hapana. Mwizi atapokelewa kwa mkia. Asili yake ni Newfoundland, alikokuwa akiwasaidia wavuvi, ndiyo maana akiiona bahari humshiki. Akitoka majini mkaushe masikio, la sivyo yataoza kwa fangasi. Na chakula umpimie: watafiti wa Cambridge walionyesha mwaka 2016 kwamba karibu robo yao wana hitilafu ya jeni inayowafanya wasishibe. Labrador mnene kwenye joto la Januari anahema kama pancha.

Wa mwisho: Pointer

Mzuri wa kutazama. Ameumbwa kukimbia siku nzima akinusa ndege, nawe utamweka kwenye ua wa mita kumi. Ataula mlango.

Yeyote utakayemchagua, asiachane na mama kabla ya wiki 8. Ukiagiza Dar, ni safari ya kilomita 560 hivi. Mtoto asisafiri na tumbo lililojaa, na kadi yake iwe na lebo za chupa za chanjo, si mwandiko wa kalamu peke yake. Parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, inaanza kuchanjwa wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa mpaka wiki ya 16. Kichaa cha mbwa miezi 3, kisha kila mwaka.

Kila jioni pitisha mkono masikioni na katikati ya vidole, utoe kupe. Fizi zikipauka au damu ikitoka puani, usingoje kesho. Jicho likiingia ukungu wa buluu na mwili una homa, hasa kwa walio Liwale na Nachingwea karibu na mapori, fikiria ugonjwa wa ndorobo. Usimchome mwenyewe dawa ya ng'ombe, kwani ikizidi kidogo inaharibu ubongo wa mbwa. Mahindi yaliyoota ukungu usimpikie, sumukuvu inaua ini lake. Na maganda ya korosho ghafi yaondoe uani, mtoto wa mbwa hutafuna kila kitu na ule utomvu unachoma mdomo.

Banda langu nililijenga nyuma kabisa, mbali na njia ya watu kwenda msikitini, na sahani ya mbwa haiingii jikoni. Jirani yangu wa shambani, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuja kulikagua, akazunguka mara mbili, akasema, “Mwanangu, alale huko huko. Ila ngedere wakiingia kwangu, mfungulie.”