Ukulele hii itazeeka nami? Maoni ya mama wa dagaa, Kirumba

Nauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni Kirumba, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia, na mwaka huu nimetimiza miaka hamsini na mbili. Ukulele, kigitaa kidogo cha nyuzi nne, niliyonunua hapa mjini Mwanza nataka tukae pamoja mpaka uzeeni, kwa hiyo maoni haya nayatoa kwa kipimo hicho. Nimeipima kwa vidole nilivyo navyo leo na kwa vidole nitakavyokuwa navyo nikifika sabini. Nimeipima kwa chumba changu cha kupanga Kitangiri, na kwa nyumba ninayoijenga polepole Nansio, Ukerewe, ambako nitahamia nikiachana na biashara. Sina mpango wa kurekodi wala kulipwa. Nataka kupiga nyimbo ninazozipenda, jioni, nikiwa na watu wangu, kwa miaka mingi.

Nianze na bidhaa yenyewe. Ni ukulele ya saizi ya konsati, mahogani ya tabaka, freti (vile vijiti vya chuma vya shingoni) kumi na nane, vikazio vya nyuzi vya chuma vyenye gia, nyuzi nyeusi za plastiki, na begi jepesi la kitambaa. Nilitoa shilingi 180,000 baada ya kupatana. Chapa iliyobandikwa kichwani si kubwa, na ukulele hiyohiyo nimeiona ikiuzwa kwa majina mengine mawili matatu, kwa hiyo ninayoyasema yatawafaa wengi wanaoangalia ukulele za bei hii.

Kuhusu saizi sina shaka kabisa. Soprano ndiyo ndogo ya asili, urefu wa uzi kutoka juu ya shingo hadi chini kwenye daraja, kile kijipande kinachoshikilia nyuzi tumboni, ni kama sentimita 34 au 35. Konsati inafika 38, teno 43. Vidole vyangu vimechambua dagaa na kufunga magunia kwa miaka mingi, vimekuwa vinene, na kwenye soprano dukani vilikuwa vinabanana freti za mwanzo. Kwenye konsati kila kidole kinapata mahali pake. Teno ilinivutia kwa sauti yake iliyoshiba, lakini bei ilikuwa karibu mara mbili, na nilifikiria pia mwili wa baadaye: bega likianza kuuma, chombo kidogo kinachokaa kifuani bila mkanda kitanifaa zaidi.

Sasa niseme jambo ambalo wanakwaya wenzangu watalifurahia. Ukulele hutuniwa G, C, E, A. Kwa sisi tuliofundishwa kwa solfa, ukiweka do kwenye C, nyuzi hizo zinasoma so, do, mi, la. Mwalimu wetu wa kwaya alipozisikia kwa mara ya kwanza alizitaja moja kwa moja, bila simu, bila kinanda. Tangu siku hiyo situmii sana programu ya kutuni. Napata do kutoka kwenye kinanda cha kanisani au kwenye simu, zilizobaki nazisikia mwenyewe. Kwa mtu aliyekulia kwenye kwaya hilo ni mtaji mkubwa, na hauozi. Macho yanaweza kufifia, simu inaweza kuisha chaji umeme umekatika, so-do-mi-la inabaki kichwani.

Kitu kinachowachanganya wapiga gitaa ni ule uzi wa G ulio karibu na uso wako. Kwenye gitaa uzi wa juu ndio mzito kuliko zote. Hapa ni mwembamba, sauti yake iko juu ya C na E zinazoufuata. Ndiyo maana ukulele inalia kwa ule mchangamko wake hata ukipiga kodi rahisi, yaani sauti kadhaa kwa pamoja. Pia ndiyo maana haina besi: sauti yake ya chini kabisa ni do ya katikati ya kinanda. Nilipoipeleka kwenye jumuiya ndogo ndogo, mtaani, watu kumi na kitu wakiimba na kayamba moja, ilisikika vizuri. Nilipoipeleka mazoezini ambako kuna ngoma mbili na kinanda, ilizama kabisa. Anayetafuta chombo cha kubeba kwaya siku ya Jumapili anunue gitaa. Hii ni ya sebuleni, barazani na kwenye jumuiya.

Kuhusu kodi, mtu wa umri wangu asiogope. C ni kidole kimoja, freti ya tatu ya uzi wa A. Am ni kidole kimoja. F ni viwili. Mimi ufunguo wa C hunipandisha juu mno ninapoimba, kwa hiyo nyimbo nyingi nazipiga kwenye ufunguo wa G, na hapo nahitaji G, C na D7. Kuna D7 ya vidole viwili tu, freti ya pili kwenye uzi wa G na freti ya pili kwenye uzi wa E, nyingine wazi. Haina D ndani yake, lakini ukiimba wewe mwenyewe hakuna atakayeikosa. Kwa kodi hizo tatu nimeshapiga nyimbo za jumuiya, nyimbo za harusi na baadhi ya zile za dansi alizozipenda marehemu baba. Kodi inayotesa ni E: nyuzi tatu freti ya nne, uzi wa mwisho freti ya pili. Nikiikuta kwenye wimbo nahamisha wimbo wote ufunguo mwingine, na nitaendelea kufanya hivyo hata nikifika sabini. Mtu anayepiga kwa furaha yake ana haki hiyo.

Kasoro ya kwanza ilikuwa kubwa, na wanunuzi wengi wataikuta. Ukulele ilitoka dukani ikiwa na nyuzi zilizopanda juu mno ya shingo. Nyuzi wazi zilikuwa sawa kabisa, lakini nikibonyeza F sauti inapanda, inakuwa kali kuliko inavyopaswa, kana kwamba mtu mmoja kwenye kwaya anaimba nusu ngazi juu. Chanzo ni kile kijipande cheupe kilicho juu ya shingo, chenye mifereji minne ya kupitishia nyuzi. Mifereji isipochimbwa vya kutosha, ukibonyeza freti ya kwanza unauvuta uzi, na uzi ukivutwa sauti yake inapanda. Dukani waliniambia nitazoea. Sikukubali kuzoea sauti isiyo sahihi. Nilimpelekea fundi anayetengeneza magitaa ya bendi, akachimba mifereji kidogo kidogo kwa kijitupa chembamba, akijaribu kila mara, kisha akasaga kijipande cha chini kinachobeba nyuzi mpaka nafasi kati ya uzi na freti ya kumi na mbili ikawa kama milimita tatu. Alinitoza elfu kumi na tano. Ilirudi ikiwa ukulele nyingine. Kwa hiyo bei yake halisi mimi nahesabu 195,000, na mwenye kupanga bajeti apange hivyo.

Ukitaka kukagua mwenyewe dukani: piga uzi wazi, kisha ubonyeze freti ya kumi na mbili ya uzi huohuo. Lazima upate sauti ileile, ngazi nane juu, do na do. Ikipishana kidogo fundi ataweza kurekebisha. Ikipishana sana kwenye nyuzi zote, rudisha, chukua nyingine. Fanya hivyo kabla hujatoa pesa, usione aibu.

Mbao za tabaka watu wa mitandaoni huzidharau, na kweli mbao nzima husikika vizuri zaidi. Lakini mimi naishi Mwanza. Kuanzia Juni hadi Agosti kunakuwa kukavu, upepo wa ziwa unapiga, midomo inapasuka. Vuli ikiingia unyevu unarudi. Mbao nzima hupanuka na kusinyaa kwa mabadiliko hayo na huweza kupasuka ikiachwa bila uangalizi. Tabaka zilizogundishwa kwa kupishanisha nyuzi za mti hustahimili zaidi. Kwa nyumba yangu ya Nansio, mita chache kutoka majini, bati juu, dari bado, nilitaka kitu kitakachovumilia. Jambo moja tu nalizingatia: siiachi juani wala ndani ya gari lililofungwa, kwa sababu joto hulegeza gundi ya daraja, na daraja likibanduka ndiyo kazi imeanza.

Nyuzi ndizo nilizozifikiria kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ukulele isiyo na nyuzi ni pambo la ukutani, na nyuzi lazima zichoke. Zile zilizokuja nayo nilizitoa mapema, zilikuwa butu. Niliagiza Dar nyuzi za Aquila, kampuni ya Italia, zile nyeupe zinazoitwa Nylgut, zikaja kwa kifurushi cha basi. Tofauti niliisikia siku ileile. Sauti ilifunguka, na vidole havikuteleza tena. Tatizo ni kwamba hapa Mwanza sijapata duka lenye nyuzi hizo muda wote, na sitaki uzee wangu utegemee basi la Dar.

Hapo ndipo Mwaloni iliponisaidia. Nyuzi nyingi nzuri za ukulele duniani hutengenezwa kwa fluorokaboni, aina ya plastiki, ileile inayotumika kutengenezea mishipi ya kuvulia. Na mji gani una mishipi kama huu wetu? Nilikwenda kwenye duka la nyavu na ndoana, nikapima mishipi, si ya fluorokaboni bali ya nailoni ya kawaida, kwa kipimo cha fundi, nikachukua wenye unene wa kama milimita 0.6, nikauweka mahali pa uzi wa A. Nailoni huvutika sana, kwa siku kadhaa nilikuwa naukaza kila ninapoishika. Kisha ukatulia. Sauti yake ni laini kidogo kuliko Aquila, lakini iko sahihi mpaka juu. Kwa bei ya mshipi nitakuwa na nyuzi za akiba kwa miaka. Hili limenipa amani kuliko udhamini wowote wa dukani: Ukerewe kwenyewe, ambako hakuna duka la muziki, mshipi haukosekani.

Wako wanaosema ukulele ni chombo cha watoto. Bill Tapia alizaliwa Honolulu mwaka 1908, akafariki 2011 akiwa na miaka 103, na alikuwa bado anapiga mbele ya watu baada ya kutimiza mia moja. Yeye alikuwa mwanamuziki wa kazi, mimi sivyo, lakini mikono ni mikono. Nyuzi za plastiki hazikati ncha za vidole kama za chuma, hazihitaji nguvu nyingi, na chombo chenyewe ni chepesi. Ukiketi unaweza kupiga saa nzima. Wazee wa nanga kule Bukoba na wa litungu upande wa Mara, vyombo vya nyuzi vya asili, nao hupiga wameketi, wakisimulia, na hakuna aliyewahi kuwaambia umri umepita.

Hata asili yake inanifariji. Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilifika Honolulu na Wareno wa kisiwa cha Madeira, waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Watatu kati yao, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, walikuwa mafundi wa mbao, na baadaye wakawa wanatengeneza vyombo vidogo vya nyuzi kwa mfano wa machete, kigitaa kidogo cha kwao. Ilianza mikononi mwa watu wa vibarua, wanaotoka kazini wamechoka. Nami hutoka kazini nimechoka.

Nikiwaza miaka ijayo naona mambo ya kawaida tu. Meli ya Nansio, saa tatu na zaidi majini, ukulele mapajani bila kumbana jirani. Mjukuu wangu, ambaye sasa ana miaka sita na tayari anashika C, akiwa na ya kwake, tukipiga sauti mbili. Labda darasa dogo la watoto wa jumuiya wakati wa likizo. Kanada, tangu miaka ya 1960, mwalimu J. Chalmers Doane aliingiza ukulele shuleni kwa maelfu ya watoto, kwa sababu ni rahisi kununua na mtoto anaweza kuishika. Shule zetu za hapa zina watoto wanaoimba sauti nne kabla hawajaota meno yote ya ukubwani. Wakipewa so-do-mi-la mikononi, sijui nani atawakamata.

Ukulele hii naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya ile mifereji ambayo kiwanda kilipaswa kuimaliza, na begi lake halikingi mvua hata ya dakika kumi. Nimeshonesha jingine la turubai kwa fundi wa Makoroboi.

Kinachofuata ni uzi wa G ya chini, ule mzito wa kubadilisha G nyembamba, ili nipate angalau ngazi chache za kushukia ninapoimba sauti ya pili peke yangu. Mshipi mnene nilioujaribu haukufaa, unalia kama umelala. Mwenye kujua pa kuupata kanda ya ziwa bila kuagiza Dar, iwe Mwanza, Musoma au Bukoba, naomba anielekeze. Bukoba nitakwenda kwenye harusi mwezi wa kumi na mbili, naweza kupita dukani mwenyewe.